Kodi Isiyokatiwa Stakabadhi

Msomaji mwenye shamba lake Nyeri au Kisii, au yule akaaye mezani katika ofisi ya Nakuru, huenda hajapata kulisikia jina la Griftu. Griftu ni mji mdogo ulio upande wa magharibi wa Wajir, katika nchi kavu ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Ndipo yalipo makao ya utawala wa Wajir Magharibi, na pana hospitali, shule, maduka, na chuo cha kuwafundisha wafugaji kazi yao. Nchi yenyewe ni tambarare ya mchanga na vichaka vya miiba. Mali ya wenyeji ni ngamia, mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mvua, ambazo Wasomali huziita gu na deyr, huja mara mbili kwa mwaka zikipenda, na zisipopenda haziji kabisa.

Tumeuchagua mji huu kwa sababu ya hoja ambayo huzuka kila mwaka Serikali inaposoma makisio yake ya mapato na matumizi. Mtu wa nchi yenye rutuba husema hivi: "Sisi twalima chai na kahawa, na kodi twakatwa kila mwezi. Kwa nini fedha zetu zipelekwe kujenga barabara ya lami mahali ambapo gari hupita mara chache, na watu wenyewe wahamahama na mifugo yao?" Swali hili si la kipumbavu, wala anayeliuliza si lazima awe mtu wa choyo. Fedha za Serikali zina mwisho, na kila kilomita iliyowekwa lami huku ni kilomita iliyokosa lami kule. Kwa hiyo yafaa swali lijibiwe kwa hesabu wala si kwa hasira.

NANI HULIPA KODI?

Karani huiona kodi yake. Imeandikwa katika karatasi ya mshahara, mstari baada ya mstari, na kila mwisho wa mwezi huisoma na kuugua. Mfugaji wa Griftu hana karatasi ya namna hiyo, na kwa ajili hiyo wengi hudhani kwamba yeye halipi kitu. Hilo ni kosa. Kodi yake imo ndani ya bei ya vitu anavyonunua, nayo imefichika humo kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Anunuapo sukari hulipa kodi ya ongezeko la thamani. Anunuapo sabuni, mabati au betri za tochi hulipa. Anunuapo muda wa kuzungumza katika simu hulipa kodi hiyo na ushuru mwingine juu yake.

Lakini inayomwelemea zaidi ni kodi ya mafuta. Tangu Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli na dizeli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hata 16. Mwaka mmodi baadaye, Julai 2024, ushuru wa kutengeneza barabara, ambao ulikuwa shilingi 18 kwa kila lita, ulipandishwa ukawa shilingi 25. Sasa na tufanye hesabu ndogo. Kutoka Nairobi hata Wajir kwa njia ya Garissa ni zaidi ya kilomita 600. Tuseme lori lililojaa unga na sukari limekunywa lita 250 za dizeli katika safari hiyo. Basi kwa ushuru wa barabara peke yake limelipa shilingi 6,250 kabla ya kushusha gunia la kwanza. Lori lipelekalo bidhaa zile zile Thika, umbali wa kilomita 40 hivi, halilipi hata sehemu ya kumi ya hizo. Mwenye lori naye hazilipi kutoka mfukoni mwake. Huziongeza katika bei ya gunia. Maana yake ni kwamba mtu akaaye mbali zaidi na barabara njema ndiye anayechanga zaidi, kwa kila gunia, katika mfuko wa kutengenezea barabara.

Hapa tunakumbuka jambo moja la zamani ambalo huenda likamfurahisha msomaji. Katika Wajir, Isiolo na Nairobi walikuwapo wafanya biashara wa Kisomali wa ukoo wa Isaaq. Sheria ya kodi ya mwaka 1936 iliwapanga watu waliohesabiwa kuwa si wenyeji kwa madaraja: Mzungu alipe shilingi 40, Mhindi 30, na wengine, Wasomali wakiwamo, 20. Waisaaq walikataa. Msomaji atadhani walikataa kulipa, lakini sivyo. Walikataa kulipa kidogo. Walitaka watozwe shilingi 30 kama Wahindi, na wakaandika maombi mengi hata yakafika London. Hawakuwa na wazimu. Walijua kwamba katika utawala wa siku zile kiwango cha kodi kilifuatana na haki, kama vile hospitali ipi utalazwa na mahali gani utaruhusiwa kukaa. Walitaka kulipa zaidi ili wadai zaidi. Nadhani hakuna mwalimu wa uchumi aliyepata kueleza maana ya kodi vizuri kuliko wafanya biashara wale.

KODI YA PILI

Basi mtu wa Griftu hulipa kodi ya Serikali kama wengine. Lakini iko na kodi ya pili, ambayo haimo katika sheria yo yote, haikatiwi stakabadhi, na wala haiingii Hazina. Hiyo ni kodi ya barabara mbovu.

Twaa mfano wa mbuzi. Tuseme mbuzi huyo atauzwa Nairobi kwa shilingi 10,000. Mchuuzi anayekuja kumnunua kule mashambani hupiga hesabu yake kwa kurudi nyuma. Huanza na zile 10,000, akatoa nauli ya lori, akatoa malisho ya njiani, akatoa ujira wa dalali, dereva na taniboi, akatoa springi zitakazovunjika na matairi yatakayopasuka, akatoa mbuzi watakaokufa lori likikwama, kisha akatoa faida yake. Kinachobaki ndicho anachompa mfugaji. Ikiwa njia ni ya lami, tuseme makato ya safari ni shilingi 1,000. Ikiwa ni ya mchanga na matope, tuseme ni 2,500. Zile 1,500 za tofauti hazimwumizi mlaji wa Nairobi, kwa maana yeye aweza kununua mbuzi wa Kajiado. Hazimwumizi sana mchuuzi, kwa maana amekwisha kuzitoa. Zamwumiza yule aliyemchunga mbuzi.

Kisha mfugaji yule yule huzichukua fedha zake dukani akanunue unga. Mwenye duka naye amepiga hesabu, lakini yeye huihesabu kwa kwenda mbele: ameanza na bei ya Nairobi, akaongeza nauli, springi, matairi na siku za kukwama. Kwa hiyo njia mbovu humkata mfugaji mara mbili, anapouza na anaponunua. Mkulima wa chai mwenye kiwanda karibu na shamba lake aweza kuishi miaka mingi bila kujua kwamba kuna kodi ya namna hii.

Nayo haina faida kwa mtu ye yote. Kodi ya Serikali, hata ikiwa kubwa, yaweza kurudi kwa mlipaji kwa umbo la dawa au mwalimu. Kodi ya matope huishia katika matope. Mwezi wa Novemba 2023, baada ya miaka mitatu ya ukame, mvua ilinyesha kwa nguvu nyingi na maji yakaikata barabara kuu karibu na Garissa. Nchi nzima ya Kaskazini Mashariki ikawa kama kisiwa, malori yamepanga mstari na bidhaa zinaoza. Siku za namna hiyo bei za vitu madukani hupanda bila waziri ye yote kusoma makisio.

NENO LA MWAKA 1965

Wengine watauliza: ikiwa mambo ni hivi, kwa nini barabara haikujengwa zamani? Jibu moja limeandikwa. Mwaka 1965 Serikali mpya ya Kenya ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Waraka ule ulitengenezwa katika wizara ya Bwana Tom Mboya. Ndani yake mlikuwa na shauri kwamba fedha za maendeleo zitumike kwanza mahali zitakapoleta ongezeko kubwa la mazao, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Faida itakayopatikana huko, walisema, itagawanywa baadaye ifike na kwingineko.

Kwa mtu aliye na shamba, shauri hili lina sura ya akili. Nani hutia mbolea katika mawe kabla ya kutia katika udongo mweusi? Hata hivyo limejificha ndani yake jambo moja. Ardhi nzuri na mvua ni kazi ya Mungu. Njia za usafiri na nguvu za umeme ni kazi ya Serikali. Kusema kwamba Serikali ipeleke fedha mahali penye barabara ni sawa na kusema kwamba ipeleke fedha mahali ilipokwisha kupeleka fedha.

Tukumbuke reli. Ilipojengwa kutoka Mombasa hata ziwani Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, nchi iliyopitiwa na reli ile haikuwa ikisafirisha mazao ya kutosha kulipia hata makaa. Ilipita katika nyika ya Taru isiyo na maji, ikapita Tsavo walimokuwamo simba. Ilikula zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza, na katika Bunge lao wako waliosema kwamba ni wazimu mtupu. Kama kanuni ya mwaka 1965 ingalikuwapo mwaka 1895, reli isingalijengwa. Ilijengwa kwanza, na mazao yakaja baadaye. Miaka sitini na zaidi ikapita, na nchi zilizo kandokando ya reli zikaitwa nchi zenye mazao mengi kwa asili yao.

Upande wa kaskazini mambo yalikwenda kinyume. Nchi ile ilifanywa wilaya iliyofungwa, ambayo mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo ruhusa. Mifugo yake ilizuiliwa kwa karantini za mara kwa mara, ili maradhi yasiwafikie ng'ombe wa walowezi, na pia, wengi wamesema, ili bei ya nyama ya walowezi isishuke. Baada ya uhuru ikaja vita ya shifta, na sheria ya hali ya hatari iliyoanza Desemba 1963 haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika muda wote huo Serikali haikukosa kutumia fedha huko. Ilizitumia kwa askari, magari yao na kambi zao. Kiwanja cha ndege cha Wagalla, magharibi ya mji wa Wajir, kilijengwa kwa fedha za umma kama viwanja vingine. Mwezi wa Februari 1984 wanaume walikusanywa hapo na askari wa Serikali, wakawekwa juani siku kadhaa pasipo maji, na wengi wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Tunayataja kwa sababu mtu awezaye kuuliza kwa nini mfugaji wa Wajir haiamini Serikali pamoja na kodi zake, yafaa ajue ni kazi gani ya Serikali iliyomfikia kwanza.

Katika mwaka ule ule wa 1965 alikuwapo mtu mmoja, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliyeandika katika jarida la East Africa Journal kuukosoa waraka ule. Kati ya maneno yake lilikuwapo hili, kwamba kwa nadharia Serikali yaweza kutoza hata mapato yote ya mtu, mradi imrudishie faida zinazolingana na ilichotwaa. Wengi wamelicheka neno hilo tangu siku zile. Kwa Griftu, kilichotazamiwa ni ile nusu ya pili ya neno lake.

FEDHA ZILIPOFIKA

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuigeuza kanuni ya zamani. Iliamuru kwamba katika kila shilingi 100 za mapato ya taifa, zisizopungua 15 ziende kwa kaunti. Kadhalika iliunda Hazina ya Usawazishaji, ambamo kila shilingi moja katika 200 hutiwa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, mji wa Wajir, ambao ni makao makuu ya nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 55,000, haukuwa na mtaa wenye lami. Lami ya kwanza ya mitaa yake iliwekwa baada ya hapo, yapata miaka 50 baada ya uhuru. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu la Wajir kutoka mapato ya taifa lilikuwa kama shilingi bilioni 9.5.

Hizi ni fedha nyingi, na hapo ndipo inapoanza sehemu ya hoja ambayo watu wa kaskazini wenyewe hawapendi sana kuisikia. Kupata fedha ni jambo moja, na kujua kitu cha kujenga ni jambo jingine.

Tutoe mfano wa maji, kwa kuwa mtu wa mashamba huweza kudanganyika hapa. Kwake yeye kisima ni baraka, na visima viwili ni baraka mbili. Kwa mfugaji sivyo. Nchi ya malisho ni kama ghala lenye vyumba. Viko vyumba vyenye maji mwaka mzima, na viko vyumba ambavyo hupata maji wakati wa mvua tu, katika mabwawa na madimbwi. Mvua inaponyesha, mifugo huhamia kwenye vyumba hivi vya pili na kula nyasi mbichi. Maji yakikauka, mifugo haina budi kuondoka, na nyasi hupata kupumzika na kutoa mbegu. Ukosefu wa maji ndio mlango wa chumba, na kiangazi ndicho hufuli yake.

Katika miaka ya 1970, Serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia na Marekani iliigawa nchi ya Kaskazini Mashariki katika maeneo ya malisho, ikachimba mabwawa makubwa kwa matingatinga ili nyasi zilizokuwa hazifikiwi ziweze kuliwa. Nia ilikuwa njema. Baadaye, ukame ulipokuja mara kwa mara, visima virefu vya bomba vilichimbwa kwa haraka pia, na kila mwanasiasa akataka kimoja kwa watu wake. Matokeo yakawa haya: penye maji ya kudumu watu wakakaa, mifugo ikakaa, nyasi zikaisha pande zote hata mwendo wa siku nzima, kijiji kikazaliwa, na kijiji kikaomba shule, zahanati na barabara. Mahali palipokuwa ghala la wakati wa shida pakawa mahali pa kugawia unga wa msaada. Kisima kilionekana rahisi siku ya kukifungua, lakini dizeli yake, fundi wake na yote yaliyofuata yakawa mzigo wa kila mwaka, nao haukuwamo katika makisio ya kwanza.

Ukiwauliza wazee wa nchi ile, watakuambia ni wapi kisima kichimbwe, na ni wapi kisichimbwe kamwe. Elimu hiyo haina gharama. Sijui kwa nini ndiyo inayoulizwa mwisho.

Mfano mwingine ni ule wa machinjio makubwa ya Isiolo, yaliyokusudiwa kuchinja mifugo ya kaskazini na kupeleka nyama ng'ambo. Ujenzi ulianza katika miaka ya 2000, na zaidi ya miaka kumi ikapita majengo yakiwapo na kazi haijaanza. Fedha zilizolala katika kuta namna hiyo zinamlipisha mlipa kodi mara mbili: alizitoa, na bado anaingoja faida.

Lakini si kila shilingi ilipotea. Oktoba 2015 Serikali ilianza mpango wa bima ya mifugo katika Wajir na Turkana, ambapo Serikali yenyewe iliwalipia wafugaji maskini ada ya bima. Setelaiti hutazama rangi ya majani kutoka juu, na nyasi zikipungua chini ya kiwango fulani, fedha hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Huenda msomaji akatabasamu, akisema chombo kilicho angani kitajuaje njaa ya ngamia wa Griftu. Lakini fikiri: mfugaji aliyepata fedha mapema hununua majani na maji, na ngamia wake hubaki hai. Anayesubiri mpaka mifugo ife hupewa unga wa msaada kwa miaka, na unga ule pia hununuliwa kwa kodi ya mtu fulani. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, wakati misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa Kenya.

Na barabara? Ushahidi uko jirani. Barabara ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hata Moyale, urefu wake yapata kilomita 500, iliwekwa lami kwa vipande na kumalizika karibu na mwaka 2017. Safari ya Nairobi hata Moyale, iliyokuwa ikichukua siku mbili au tatu juu ya mgongo wa lori, watu wamekaa juu ya vyuma kama magunia, ikawa safari ya siku moja ndani ya basi. Septemba 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 750 kwa ajili ya barabara nyingine, ndefu zaidi, kutoka Isiolo kupitia Modogashe, Wajir na Kutulo hata Mandera, yapata kilomita 740. Griftu haimo katika mstari ule; mwenye mbuzi wake ataifuata lami kule Wajir. Fedha nyingi za mradi huo ni mkopo, na mkopo utalipwa kwa kodi ya wote, karani na mfugaji pamoja.

MTU MMOJA, SHILINGI MOJA

Mwaka 2020 hoja ya zamani ilirudi imevaa nguo mpya. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipendekeza kanuni nyingine ya kugawa fedha kati ya kaunti, na kaunti zenye watu wengi zikapokea kilio cha "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Kwa hesabu hiyo kaunti za Wajir, Mandera na Garissa zingalipunguziwa mabilioni. Seneti iliketi na kuahirisha, ikaketi na kuahirisha, yapata mara kumi. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi siku ya kura. Hatimaye tarehe 17 Septemba 2020 walipatana, kwa sharti kwamba fungu la kaunti zote liongezwe hata shilingi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopokea chini ya ilichokuwa ikipokea.

Neno "shilingi moja kwa kila mtu" lina haki ndani yake, na mwenye shamba la ekari mbili Vihiga, aliyebanana na jirani zake, ana sababu ya kulisema. Zahanati yake ina foleni. Lakini shilingi moja hainunui kitu kile kile kila mahali. Katika Vihiga zahanati moja iliyojengwa vizuri hufikiwa kwa miguu na maelfu ya watu. Katika Wajir Magharibi mama mwenye uchungu wa kuzaa aweza kuwa mbali na hospitali kwa kilomita nyingi za mchanga, na gari la wagonjwa linalokwenda kumtwaa mtu mmoja huchoma mafuta ambayo kule Vihiga yangaliwahudumia watu kumi. Kama haki ni kwamba kila mama ampate mkunga, basi shilingi haziwezi kuwa sawa. Kama haki ni kwamba shilingi ziwe sawa, basi mama mmoja hatampata mkunga. Maseneta waliongea juu ya haki zote mbili kwa jina moja, na ndiyo maana walichukua muda mrefu hivyo.

Mlipa kodi wa mjini naye amechoka, na uchovu wake umeonekana. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi kwa ajili ya Mswada wa Fedha, watu wakauawa, na siku ya pili yake Rais akakataa kuutia sahihi. Wengi wa vijana wale hawakusema kwamba kodi ni mbaya. Walisema kwamba hawaoni inakokwenda. Mzee wa Griftu angaliweza kuketi nao na kuwaelewa, ingawa yeye amekuwa akiliuliza jambo hilo tangu zamani za karantini.

Jambo moja limebaki, nalo lina tarehe. Hazina ya Usawazishaji haikuwekwa iwe ya milele. Katiba iliipa miaka 20 tu, isipokuwa Bunge liamue kuirefusha. Miaka mingi ya mwanzo ilipita katika kuandika miongozo na katika mabishano ya nani azishike fedha zake, Serikali ya taifa au kaunti, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaibatilisha miongozo iliyokuwapo. Orodha ya kwanza ya sehemu zilizoachwa nyuma ilikuwa ya kaunti 14, Wajir ikiwamo. Iliyofuata ilitawanya sehemu hizo katika kaunti 34. Muda uliowekwa utakwisha tarehe 27 Agosti 2030. Kwa sasa lori la unga liendalo Wajir hulipa shilingi zake 25 kwa kila lita, likifika au likikwama.